Nambari 2147483647: kutoka kwa Euler hadi daftari la chama

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Ni kazi tu zilinizidi. Leo nimerudi na historia ya nambari moja. Ndiyo, nambari moja peke yake: 2147483647. Ukiisoma kwa maneno ni bilioni 2, milioni 147, elfu 483, mia sita arobaini na saba.

Kama wewe ni mwandishi wa programu, huenda tayari umeitambua na umetabasamu, au umekunja uso. Kama si mwandishi wa programu, usiondoke. Nitaeleza kila kitu polepole, na hesabu zenyewe si ngumu kuliko zile za sekondari.

Kwanza niwaeleze nilivyokutana nayo, maana hatukukutana kwa wema.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nimemaliza chuo karibuni, nilitengeneza programu ya kuweka hesabu za chama kimoja cha akina mama. Wanachama 412. Wanaweka akiba kila mwezi, wanakopeshana, wanalipana. Nambari zao za simu nilizihifadhi kwenye hifadhidata kama nambari za kawaida, safu ya aina ya INT. Sifuri ya mwanzo ilipotea, kwa hivyo 0722 na kuendelea ikawa 722 na kuendelea, lakini sikujali. Nilikuwa naiongeza tena wakati wa kuonyesha kwenye skrini.

Kisha chama kikataka mikopo itumwe moja kwa moja kwa simu. Ili malipo yaende, nambari ilipaswa kuanza na 254. Rahisi! Usiku mmoja nikaandika amri ya mstari mmoja: chukua kila nambari, tanguliza 254, hifadhi. Nikaituma moja kwa moja kwenye seva, bila kuijaribu kwanza kwenye laptopu yangu. Seva ikajibu kwamba mistari 412 imebadilishwa. Ikataja pia kwamba kuna maonyo. Sikuyasoma. Nikalala usingizi mnono.

Asubuhi saa mbili katibu wa chama akanipigia simu.

"Kijana wangu, umeamkaje?"

"Salama, mama. Habari ya asubuhi?"

"Si nzuri. Hebu niambie, mbona wanachama wote wana simu moja?"

Nikafungua kompyuta. Mstari wa kwanza: 2147483647. Wa pili: 2147483647. Mistari yote 412 ilikuwa na nambari hiyo hiyo. Nambari za zamani zilikuwa zimefutika, kwa sababu nilikuwa nimeandika juu yake. Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya miezi miwili nyuma, na haikuwa na wanachama wapya. Na siku hiyo mikopo kumi na mmoja ilikuwa imeidhinishwa. Mmoja ulikuwa wa mama aliyekuwa hospitalini na mtoto, akisubiri pesa hiyo ili waruhusiwe kwenda nyumbani.

Nitarudi kwa mama huyo. Kwanza tuulize swali nililojiuliza siku ile huku jasho likinitoka: kwa nini nambari hii na si nyingine? Nani aliichagua?

Watawa, vipofu na nambari tasa

Jibu fupi ni kwamba 2147483647 ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe hadi 2 ziwe 31, kisha ukatoa 1. Kwa lugha ya hesabu, 2^31 − 1. Lakini nambari hii ilikuwa maarufu takriban miaka mia mbili kabla ya mtu yeyote kuunda kompyuta ya kielektroniki.

Nambari tasa, kama mnavyokumbuka, ni ile isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Tangu enzi za Wagiriki watu walivutiwa na nambari tasa za umbo la 2^p − 1. Sababu ilikuwa nambari kamilifu, yaani nambari ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote (isipokuwa yenyewe) unaipata tena. Mfano ni 6, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6. Nyingine ni 28, kisha 496, kisha 8128. Euclid alionyesha kwamba kila unapopata nambari tasa ya umbo la 2^p − 1, unaizidisha kwa 2^(p−1) na unapata nambari kamilifu. Kwa hivyo kuwinda nambari kamilifu kukawa kuwinda nambari tasa za umbo hilo.

Shida ni kwamba si kila 2^p − 1 ni tasa, hata kama p yenyewe ni tasa. 2^11 − 1 ni 2047, nayo ni 23 × 89. Ni lazima ukague kila moja.

Mwaka 1588 Mwitaliano Pietro Cataldi alithibitisha kwamba 2^17 − 1 na 2^19 − 1 ni tasa. Njia yake ilikuwa ya jasho: aliorodhesha nambari tasa zote hadi kipeuo cha pili cha nambari anayoikagua, akagawanya kwa kila moja. Kisha akadai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 pia vinatoa nambari tasa. Hapo alikuwa anabahatisha. Mwaka 1640 Fermat alionyesha kwamba 2^23 − 1 inagawanyika kwa 47, na 2^37 − 1 inagawanyika kwa 223. Baadaye Euler akaonyesha kwamba 2^29 − 1 ni 233 × 1103 × 2089. Kati ya madai manne ya Cataldi, matatu yalianguka. Likabaki moja: 31.

Katikati ya hapo, mwaka 1644, mtawa Mfaransa aitwaye Marin Mersenne alichapisha orodha yake ya vipeo hadi 257 ambavyo aliamini vinatoa nambari tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Orodha ilikuwa na makosa. 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 zilisahaulika. Hata hivyo jina lilimkaa. Nambari hizi huitwa nambari za Mersenne mpaka leo. 31 ilikuwa kwenye orodha yake, lakini hakuwa na uthibitisho. Hakuna aliyekuwa nao.

Fikiria ugumu wake. Kipeuo cha pili cha 2147483647 ni 46,340 na kitu. Kwa njia ya Cataldi ungehitaji orodha ya nambari tasa zote hadi hapo, ambazo ni takriban 4,800, kisha ugawanye nambari ya tarakimu 10 kwa kila moja, kwa mkono. Ukikosea mara moja tu, kazi yako yote haina maana.

Hesabu 372

Mwaka 1772 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi St Petersburg nchini Urusi, aliandika barua kwa mmoja wa ukoo wa Bernoulli akimweleza kwamba 2^31 − 1 ni tasa. Alikuwa na umri wa miaka 65 hivi. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika tangu miaka ya 1730, na la kushoto lilishikwa na mtoto wa jicho mwaka 1766. Mwaka 1771 alifanyiwa upasuaji ambao haukumsaidia kwa muda mrefu, na mwaka huo huo nyumba yake iliungua kwenye moto mkubwa wa mji. Yaani mtu aliyekuwa karibu kipofu kabisa, aliyekuwa akifikiri kichwani na kuwasomea wengine waandike, ndiye aliyemaliza kazi hii.

Alifanyaje? Hakugawanya mara 4,800. Aliuliza swali tofauti: kama kuna nambari tasa p inayoigawanya 2^31 − 1 bila baki, lazima iwe na sura gani?

Nitajaribu kueleza. Kama p inagawanya 2^31 − 1, basi 2^31 ukiigawanya kwa p inabaki 1. Sasa chukua vipeo vya 2, yaani 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, na kwa kila kimoja andika baki tu baada ya kugawanya kwa p. Mabaki hayo yanajirudia kama zamu za mlinzi. Ukifika kwenye baki 1, mzunguko unaanza upya. Urefu wa mzunguko lazima ugawanye 31 bila baki, na kwa kuwa 31 ni tasa, mzunguko ni wa hatua 31 kamili. Fermat naye alikuwa ameshaonyesha kwamba 2 ikipandishwa hadi kipeo p − 1 huacha baki 1. Kwa hivyo mizunguko ya 31 lazima iingie kamili ndani ya p − 1. Kwa kuwa p si shufwa, p − 1 ni shufwa, basi inagawanyika kwa 62. Yaani p ni zidisho la 62 ukiongeza 1.

Euler hakuishia hapo. 2^31 inaacha baki 1, kwa hivyo 2^32 inaacha baki 2. Lakini 2^32 ni 2^16 ikizidishwa kwa yenyewe. Kumbe basi 2 ni baki la kipeo cha pili! Na nambari tasa zinazoruhusu jambo hilo ni zile tu ambazo ukizigawanya kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Unganisha masharti haya mawili na unapata kwamba p lazima iwe ya umbo 248n + 1 au 248n + 63. Hakuna nyingine.

Hesabu mwenyewe. Hadi 46,340 kuna nambari 186 za umbo la kwanza (bila kuhesabu 1) na 187 za umbo la pili. Jumla 373. Ondoa 63 ambayo waziwazi si tasa, unabaki na 372. Na nyingi kati ya hizo nazo si tasa, kwa hivyo unaziruka: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Gawanya: inabaki 35. Inayofuata ni 1303. Gawanya: inabaki 226. Na hivyo hivyo hadi mwisho. Hakuna iliyogawanya bila baki. Basi 2147483647 ni tasa.

Mimi hili ndilo linanifurahisha. Kompyuta yangu ingegawanya mara 4,800 kabla sijapepesa jicho, kwa hivyo nisingejisumbua kufikiri. Euler hakuwa na kompyuta wala macho, na kwa sababu hiyo alilazimika kuona kilichokuwa ndani ya tatizo lenyewe.

2147483647 ilikaa kama nambari tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana mpaka katikati ya karne ya 19. Nambari kamilifu inayotoka kwake, 2305843008139952128, ilikuwa ya nane kujulikana. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwenye kitabu chake kwamba hiyo ndiyo nambari kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa nambari hizi ni za kushangaza tu, hazina faida, na haoni kama kuna mtu atakayejisumbua kutafuta kubwa zaidi.

Maskini Barlow. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2^127 − 1 ni tasa. Na mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba 2^136279841 − 1 ni tasa, nambari yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Watu walijisumbua, tena sana.

Biti 31 na moja ya alama

Sasa turudi kwenye kompyuta. Nambari ya Euler iliingiaje kwenye seva ya chama cha akina mama?

Kompyuta huhifadhi nambari kwa sifuri na moja. Kila nafasi ya sifuri au moja ni biti. Kwa muda mrefu ukubwa wa kawaida wa nambari moja umekuwa biti 32. Biti moja hutumika kutofautisha nambari chanya na hasi. Zinabaki 31. Ukizijaza zote kwa moja, kama odometa ya matatu iliyofika 999999, unapata 2^31 − 1. Hiyo ndiyo nambari kubwa kuliko zote inayoingia. Ukiongeza 1, kwenye mashine nyingi inageuka ghafla kuwa −2147483648.

Kwa hivyo hakuna mhandisi aliyekaa akasema tuichague nambari ya Euler. Ilitokea tu kwamba 32 ukitoa 1 ni 31, na 31 ni kipeo cha Mersenne. Hii ni bahati ya kipekee. Kwa biti 16 kikomo ni 32767, ambayo ni 7 × 31 × 151, si tasa. Kwa biti 64 kikomo ni 2^63 − 1, nayo inagawanyika kwa 7. Biti 8 na biti 32 ndizo zilizobahatika: 127 na 2147483647.

Na bahati hiyo ilitumika. Mwaka 1951 D. H. Lehmer alieleza njia rahisi ya kuifanya kompyuta itoe nambari za kubahatisha: chukua nambari, zidisha kwa nambari maalumu, gawanya, chukua baki, rudia. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kiwango cha chini kabisa kinachokubalika: zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647. Kwa kuwa 2147483647 ni tasa, na kwa kuwa 16807 imechaguliwa vizuri, mfululizo unapita kwenye nambari zote kutoka 1 hadi 2147483646 kabla ya kujirudia. Njia hiyo bado imo ndani ya lugha ya C++ kwa jina minstd_rand0. Barlow alisema nambari hizi hazina faida. Angeishi aone michezo mingapi ya kompyuta imechanganya karata zake kwa msaada wa nambari tasa ya Euler.

Wakati nambari inapofurika

Lakini upande wa pili, upande wa kikomo, umeleta visa vingi kuliko upande wa utasa. Nitaje vitatu.

Cha kwanza ni cha kuchekesha. Mwezi Desemba 2014 wimbo Gangnam Style wa Mkorea PSY ulikaribia kutazamwa mara 2,147,483,647 kwenye YouTube. Wenye mtandao huo walitangaza kwamba kihesabu chao kilikuwa cha biti 32 na imebidi wakihamishie biti 64. Kikomo kipya ni 9,223,372,036,854,775,807. Nadhani PSY hatafika huko.

Cha pili hakichekeshi. Mwezi Aprili 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliwaamuru wenye ndege za Boeing 787 wazime umeme wa ndege hizo mara kwa mara. Iligunduliwa kwamba vidhibiti vya jenereta vikikaa na umeme kwa siku 248 mfululizo, kihesabu kilichomo kinafurika na jenereta zote zinaweza kuzima kwa pamoja, hata ndege ikiwa angani. Chukua 2147483648, ihesabu kama sehemu za mia za sekunde, ugeuze kuwa siku: 248 na nusu hivi. Kenya Airways walianza kupokea ndege za aina hiyo mwaka 2014, kwa hivyo si habari ya mbali na sisi. (Na ndiyo, ni 248 ile ile ya Euler. Nimekagua. Ni sadfa tu: ya Euler ni 8 × 31, ya ndege inatokana na idadi ya sekunde katika siku.)

Cha tatu bado kinakuja. Mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Iwapo sekunde hizo zimehifadhiwa kwenye biti 32, zitajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, watu wakikimbilia matatu. Sekunde moja baadaye, kompyuta isiyorekebishwa itadhani ni tarehe 13 Desemba 1901. Huo ndio mwezi ambao reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria. Sijui matatu hizo zitakuwa wapi.

Mifumo mingi mikubwa imesharekebishwa. Linux, kwa mfano, ilikamilisha njia ya biti 64 kwa mashine za biti 32 mwaka 2020, na kwa biti 64 muda hautajaa kwa miaka bilioni 292 hivi. Mimi nina wasiwasi na vitu vidogo ambavyo hakuna anayevirekebisha: mita, mashine za milangoni, programu aliyoandika kijana mmoja halafu akahama. Na usidhani lazima tungoje 2038. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 uliochukuliwa mwaka 2024 unaisha mwaka 2039. Benki inayopanga tarehe za malipo inaugusa ukuta huo leo. Ukitumia aina ya TIMESTAMP ya MySQL kuhifadhi tarehe ya mwisho ya mkopo huo, haitaingia.

Daftari

Sasa mnaelewa kilichonipata. Kikomo ni bilioni 2 na kitu. 722 na tarakimu sita mbele yake ni milioni mia saba na kitu, inaingia vizuri. Tanguliza 254 na unapata bilioni 254 na kitu, zaidi ya mara mia moja ya kikomo. Seva ile ilikuwa ya zamani na mipangilio yake ilikuwa legevu. Badala ya kukataa, ilifanya kila nambari kuwa kubwa kadiri inavyoweza, ikatoa onyo, ikaendelea. Matoleo ya MySQL kuanzia 5.7 ya mwaka 2015 hukataa kabisa yasipobadilishwa mipangilio. Laptopu yangu ilikuwa na toleo jipya. Ningejaribu huko kwanza, ingenikatalia mbele ya macho yangu na nisingeandika makala haya.

Nilimweleza katibu ukweli. Sikumwambia kuhusu biti. Nilimwambia nimefuta nambari za simu za watu wote na sina nakala. Nilitegemea anipigie kelele. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Njoo nyumbani. Daftari ninalo."

Alikuwa ameendelea kuandika kila mwanachama kwenye daftari lake la kurasa 200, kwa kalamu, tangu kabla programu yangu haijazaliwa. Hakuwahi kuniambia, labda asinivunje moyo. Kitu cha kwanza alichofanya nilipofika ni kutafuta ukurasa wa yule mama wa hospitalini, na pesa yake ikatumwa kwa mkono kutoka simu ya mweka hazina. Waliruhusiwa jioni hiyo. Kisha tukakaa mezani, yeye akisoma, mimi nikiandika, nambari 412, mpaka saa nane usiku. Alinipa chai mara tatu. Kila nambari niliyoandika alinitaka niirudie kwa sauti.

Karibu na mwisho nikajaribu kujitetea. Nikamweleza kwamba kompyuta ina kikomo, nambari ikizidi inafurika. Akaniangalia juu ya miwani.

"Hata daftari langu linajaa," akasema. "Lakini likijaa naona kwamba limejaa."

Sijapata mwalimu wa kompyuta aliyenieleza jambo hili vizuri zaidi. Kila kitu kina kikomo. Hatari inakuja pale kitu kinapojaa kimya kimya, kikaendelea kujifanya kwamba kimehifadhi ulichokipa.

Kwa hivyo, wenzangu mnaoandika programu, nawaachia kazi tatu za wiki hii. Kwanza, nambari ya simu si nambari ya kujumlisha, ihifadhi kama maandishi, pamoja na sifuri yake. Pili, kama unahifadhi pesa kwa senti kwenye INT, kikomo chako ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Kuna vyama vingi vinavyozidi hapo. Tatu, ingia kwenye hifadhidata zako zote na utafute 2147483647. Ukiikuta mahali ambapo si Euler aliyeiandika, kuna mtu ambaye taarifa zake zimepotea na bado hajakupigia simu.

Na ninyi msioandika programu, endeleeni kuweka madaftari.

Nimeandika vya kutosha kwa leo. Mwenye swali au marekebisho ya hesabu zangu aniandikie kama kawaida, nitajibu. Safari nyingine nikipata nafasi nitawaeleza habari ya 2^67 − 1, ile aliyokosea Mersenne, na profesa wa Marekani aliyeivunja vipande viwili mwaka 1903. Kwaherini kwa sasa.